Kwa nini timu yako inapotea kwenye ukurasa

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nachora kitabu changu cha kwanza cha katuni. Ni timu ya mashujaa sita wanaofanya kazi usiku, kwa hiyo wote wamevaa nyeusi. Nikimchora mmoja mmoja anapendeza, lakini nikiwaweka pamoja ukurasa unakuwa vurugu na wasomaji wananiuliza huyu ni nani. Mara mbili nimeshauriwa nisome Giant-Size X-Men namba 1 ya mwaka 1975. Nimeisoma. Kusema kweli nimeona uchoraji wa kizamani, maneno mengi na rangi chache. Kuna nini pale cha kunisaidia? Na je, nibadilishe mavazi?

Marahaba, ndugu yangu. Nimefurahi kwamba umelisoma toleo lenyewe badala ya kuridhika na sifa zake, na kwamba umesema wazi ulichokiona. Rangi ni chache, kweli. Maneno ni mengi, kweli. Ndivyo vitabu hivi vilivyoandikwa miaka ile. Sasa naomba ulirudie, safari hii usisome neno hata moja. Fumba macho nusu, kama mtu anayetazama kwenye jua kali, mpaka nyuso na vifungo vya nguo vipotee, yabaki mabonge ya giza na mwanga tu. Halafu jiulize nani ni nani. Bado utawajua. Aliyejikunja ukutani, mkia umepinda nyuma yake, ni Nightcrawler. Lile pande la mtu lililosimama kama nguzo ni Colossus. Yule ambaye akinyanyua mikono joho linafunguka kama bawa ni Storm. Mfupi mwenye ncha mbili ndefu kichwani ni Wolverine. Hujaona uso wala rangi, na wanne umeshawatambua.

Hicho ndicho kilichomo mle. Timu huchorwa kwa tofauti za miili kwanza, mavazi baadaye. Vazi linakuja kuthibitisha kile ambacho umbo limeshakisema. Umbo likinyamaza, vazi haliwezi kuliokoa, na wasomaji wako wataendelea kuuliza hata ukiwavika mashujaa wako rangi zote za upinde wa mvua.

Nikupe kwanza historia kidogo, maana uchoraji ule ulizaliwa na shida. X-Men, timu ya mashujaa wa kampuni ya Marvel, walianza mwaka 1963 mikononi mwa mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby: vijana watano, wanafunzi wa shule moja, sare moja ya njano na bluu iliyokoza. Unaona? Kirby alikuwa na tatizo lako lile lile, vazi moja kwa wote. Alilimaliza kwa miili. Angel akapewa mabawa. Beast akapewa mikono na miguu mikubwa kupita kawaida, na akawa anainama kama sokwe hata akiwa amepumzika. Iceman akawa kama mtu aliyefinyangwa kwa theluji. Cyclops akafunikwa macho, na Marvel Girl akawa msichana pekee. Sare ilisema hawa ni kitu kimoja, miili ikasema hawa ni watu watano. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mavazi yanayofanana ni kosa. Kosa ni mavazi yanayofanana juu ya miili inayofanana.

Mfululizo ule haukushika soko vya kutosha. Mwaka 1970 hadithi mpya zilikoma na toleo la 66, na kuanzia la 67 hadi la 93 msomaji aliuziwa hadithi za zamani zilizochapwa upya. Mwaka 1975 mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum wakapewa kazi ya kuifufua timu. Walileta saba kwa mpigo. Storm, Nightcrawler, Colossus na Thunderbird hakuna aliyewahi kuwaona. Wolverine, Banshee na Sunfire walikuwa wamepita pita katika vitabu vya miaka ya nyuma. Ongeza Cyclops, na ongeza wenzake watano waliokwama katika kisiwa cha Krakoa, ambao saba hawa wanakwenda kuwaokoa. Jumla 13. Hadithi yenyewe inamalizikia kwa swali: X-Men 13 tutawafanya nini? Wewe una sita na jasho linakutoka. Hebu mfikirie Cockrum.

Hakufika pale mikono mitupu. Kabla ya hapo alikuwa amechora Legion of Super-Heroes, timu yenye watu zaidi ya 20, na mchoraji akishapita kwenye umati kama ule hujifunza haraka kwamba hawezi kumtegemea msomaji akumbuke rangi ya mkanda wa kila mtu. Nightcrawler mwenyewe alibuniwa kwa ajili ya Legion, akakataliwa kwa kuonekana kiumbe wa ajabu mno. Jambo hili linanigusa kila nikilikumbuka. Kilichomfanya akataliwe kule ndicho kilichomfanya asisahaulike huku.

Mtazame kwa karibu. Mkono una vidole vitatu ukihesabu na gumba. Mguu una vidole viwili. Mkia mrefu unaishia kwa ncha kama ya mshale. Magoti hayanyooki, akisimama, amechuchumaa nusu. Na ngozi yake Cockrum aliijaza wino mweusi, akaacha kingo chache tu za bluu pale mwanga unapogonga. Toleo linafungua naye, usiku, mjini Winzeldorf nchini Ujerumani, akikimbizwa na umati wenye mienge. Hapo ndipo ningependa ukae hata nusu saa. Umati ule umechorwa kama kitu kimoja: mabega yamebanana, silaha zimeelekea juu, uso mmoja umemezwa na mwingine. Huhitaji kumjua yeyote, na mchoraji hakutaka umjue yeyote. Mtu mmoja tu kwenye kurasa zile ana nafasi tupu kumzunguka, naye ni yule anayeitwa zimwi. Kabla hujasoma kiputo hata kimoja cha maneno, jicho limeshakuambia umhurumie nani.

Sasa tazama mpangilio wa yanayofuata, maana hapa ndipo wanaoanza wanapolipita toleo hili kwa haraka wakilalamika kwamba hadithi inachelewa. Profesa Xavier, mwalimu na mwanzilishi wa timu, anazunguka dunia kuwakusanya, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja anapewa kurasa zake chache, peke yake, na katika kurasa hizo anafanya tendo moja ambalo mwili wake tu ndio ungelifanya. Colossus, kijana mkulima wa Siberia, anaona trekta linamwendea dada yake mdogo. Anasimama mbele yake, anageuka chuma, na trekta ndilo linaloumia. Thunderbird, Muapache wa Arizona, anamfukuza nyati kwa miguu na kumwangusha kwa mikono. Wolverine yumo ofisini nchini Kanada, hana hata nafasi ya kukimbia, lakini anapoamua kuondoka anaikata tai ya mkubwa wake kwa kucha zake. Tendo dogo, ukali wote. Wakifika Krakoa, mkono wa msomaji umeshamshika kila mmoja mara moja. Ndiyo maana hapotei. Wewe uliniambia unawachora sita vizuri mmoja mmoja. Swali langu ni kama msomaji wako alikutana nao mmoja mmoja, au uliwamwaga wote sita kwenye ukurasa wa kwanza.

Kuhusu Storm lazima niseme kitu, kwa sababu kurasa zake ziko Kenya na sisi tunazisoma kwa jicho letu. Cockrum alimtengeneza kwa kuunganisha wahusika wawili aliokuwa amewabuni kabla: mmoja mwanamke mwenye asili ya paka, mwingine mwenye nguvu za hali ya hewa. Kwa paka zikabaki mboni za macho. Kisha akampa nywele nyeupe ndefu na joho lililoshikizwa kwenye vifundo vya mikono. Ni uamuzi wa mchoraji anayejua kazi yake: mikono ikiwa chini ni joho, ikipanda ni bawa, hivyo umbo lake linabadilika kila anapotumia nguvu, na unajua upepo unavuma hata kama hakuna mstari mmoja wa upepo. Jina lake ni Ororo. Sikuambii kwamba Wein aliwaza Kiswahili, ila mimi kila nikilisoma nasikia neno letu, ororo, kitu laini kisichokwaruza, na kuliona limekaa juu ya mwanamke anayeita radi kunanipendeza sana. Kisichonipendeza ni Kenya yenyewe ilivyochorwa. Japani imepewa mji wa Osaka, Siberia imepewa shamba la ushirika na familia yenye majina. Kenya imepewa ukame, watu wanaoabudu, na mungu wao wa kike, yaani Storm mwenyewe. Watu wale wamechorwa kama umati wa Winzeldorf, kitu kimoja, lakini huku hapakuwa na sababu ya hadithi kuwafanya hivyo. Chukua ustadi wa joho, na uache uvivu wa mandhari.

Tuje kwenye jalada, ambalo huenda umeliona hata kabla ya kulisoma toleo. Timu mpya inachana karatasi na kutoka mbio kumfuata msomaji. Kwenye karatasi inayochanika ni timu ya zamani. Penseli ni ya Gil Kane, wino ni wa Cockrum. Humo lilitokea kosa lenye baraka. Kinyago cha Wolverine, kama alivyokibuni John Romita mwaka 1974 kwa ajili ya kitabu cha Hulk, kilikuwa na masikio mafupi na michirizi kama sharubu za mnyama. Kane alikosea, akachora zile ncha za pembeni kubwa na ndefu zaidi. Cockrum alipoliona alilipenda kosa lile kuliko kilichokusudiwa, akachora kurasa za ndani zilingane na jalada. Mfululizo ukaendelea, na katika toleo la 98 la mwaka 1976 Wolverine akaonekana bila kinyago kwa mara ya kwanza. Weka mchoro ule kando ya kinyago. Nywele zimesimama kwa ncha mbili, kushoto na kulia, pale pale zilipokuwa ncha za kinyago. Cockrum alimvua kinyago bila kumvua umbo, na hakuna msomaji aliyehitaji kuuliza huyu mwenye sharafa ni nani. Zaidi ya miaka 40 baadaye watoto bado wanamchora hivyo, nywele mbili juu, na wengi wao hawajui kwamba chanzo chake ni kinyago kilichokosewa.

Kuhusu rangi chache. Vitabu vile vilichapwa kwenye karatasi ya gazeti kwa wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kila moja ya zile tatu za kwanza iliweza kuachwa kabisa au kutumika kwa asilimia 25, 50 au 100. Piga hesabu, 4 mara 4 mara 4, unapata rangi 64, basi. Hakuna kuchanganya taratibu, hakuna kivuli laini. Mpaka rangi wa toleo hili, Glynis Wein, hakuweza kumtenga mtu na mwenzake kwa vivuli vya aina tano za kijivu kama unavyoweza wewe kwenye kompyuta. Ilibidi kila mtu apewe jozi yake. Katika wale saba wapya, kijani na njano ni Banshee, njano na bluu ni Wolverine, nyekundu juu ya mwili wa giza ni Nightcrawler. Umaskini ule ulikuwa mwalimu mkali. Siku hizi naletewa kazi za vijana zenye rangi nzuri ajabu, na nikizigeuza ziwe nyeusi na nyeupe kila mtu anakuwa kijivu kimoja. Igeuze na wewe ya kwako, usiku huu huu, uone.

Halafu angalia jinsi Len Wein na Cockrum walivyokwepa mtego uliokunasa. Timu inapofika Krakoa haiendi kwa pamoja. Inagawanyika wawili wawili, kila jozi upande wake wa kisiwa: Storm na Colossus, Banshee na Wolverine, Sunfire na Nightcrawler, Cyclops na Thunderbird. Kurasa kadhaa kisanduku kimoja cha mchoro hakibebi zaidi ya watu wawili wa timu, na jozi zenyewe zimepangwa kwa kupingana: mwenye kuruka na asiyeruka, mwepesi na mzito. Wote wanapokusanyika mwishoni ni kwa visanduku vichache, na hata humo hawapewi nafasi sawa. Mmoja yuko karibu kabisa, amekatwa na ukingo wa kisanduku. Wawili au watatu wako kati, mwili mzima. Waliobaki ni vichwa na mabega kule nyuma. Mchoraji mpya huwapanga sita kwa mstari kama picha ya harusi kwa sababu anaona vibaya kumnyima mmoja nafasi. Mnyime. Atapata yake kisanduku kinachofuata.

Na aliyeanza kusema mweke kushoto. Ukimweka kulia, kiputo chake itabidi kipite juu ya vichwa vya wenzake kurudi kushoto, na mkia wa kiputo utakata uso wa mtu. Nusu ya vurugu ninazoletewa chanzo chake ni hapo, wala si kwenye mchoro.

Sitaki uondoke ukidhani toleo hili halina kasoro za timu. Lina mbili ninazoziona wazi. Thunderbird ni mtu mwenye nguvu na hasira. Lakini nguvu tayari ni za Colossus, na hasira tayari ni za Wolverine. Ukimjaza wino mweusi anabaki mwanamume mwenye misuli mizuri, vishada vya nguo vikining'inia. Sunfire naye ana kiburi na moto, ila akiwa ametulia hana umbo lake mwenyewe. Kilichofuata unakijua ikiwa uliendelea kusoma: Sunfire aliiacha timu katika toleo la 94, na Thunderbird akafa katika la 95. Hata katika kundi lililobuniwa kwa ustadi mkubwa, wawili ambao nafasi zao zilikuwa zimeshakaliwa hawakudumu.

Wengine watakuelekeza kwa George Pérez, aliyechora umati wa mashujaa kwa mamia bila kuchoka, na ni kweli alikuwa bingwa. Lakini mwache kwanza. Pérez anatisha mtu anayejifunza; utaishia kuhesabu vichwa. Cockrum ana watu 13 tu na unaweza kumfuata hatua kwa hatua.

Sasa kazi yako. Chukua karatasi moja, uwachore sita wako kwa urefu wa kidole gumba, wamesimama tu, hawapigani, hawarushi moto. Wajaze weusi wote. Mpe mtu ambaye hajawahi kuwaona, umweleze kwa maneno kila mmoja ni mtu wa namna gani: huyu mzee, huyu mwoga, huyu hapendi kuguswa. Mwambie aoneshe kwa kidole. Atakaowakosea ndio wa kuanza nao, na usianze kwa kuwaongezea vitu. Anza na uti wa mgongo: anasimamaje, uzito wake uko mguu gani, shingo imetangulia au imerudi nyuma, viwiko viko karibu na mbavu au mbali. Kisha urefu. Usiogope kuupindua. Wolverine kwenye vitabu ana futi 5 na inchi 3. Colossus akigeuka chuma anafika futi 7 na nusu hivi. Wasimamishe pamoja na hutaweza kuwachanganya hata ukiwa umelewa usingizi.

Mavazi usiyabadilishe. Nyeusi kwa watu wa usiku ina maana, na maana ikiwepo isitupwe. Lakini usiichore kama rangi, ichore kama kivuli. Rudi kwa Nightcrawler uone: weusi wake unaungana na giza la ukuta hadi huoni mwili unaishia wapi, na kinachobaki ni macho mawili ya njano na ukingo mmoja wa bluu begani. Kila mmoja wa sita wako mchagulie mahali pamoja tu ambapo mwanga utamgusa daima. Mmoja paji la uso, mwingine kiganja, mwingine ukingo wa joho. Usihamishe. Kwenye kisanduku cha umati, mtu wa mbele mpe mwanga huo na umbo kamili, wa kati wape umbo tu, na wa nyuma kabisa waache waingie gizani, ibaki ile alama moja ya mwanga. Anza na ukurasa ule unaokusumbua zaidi, uuchore upya kwa brashi bila penseli, kisha unitumie huo pamoja na ile karatasi ya maumbo sita.